Chaga za Kitanda, Usingizi na Mgongo wa Mkulima

Kuanzia Juni hadi Agosti milima ya Umatengo huwa na baridi kali, na miezi hiyohiyo ndiyo ya kuchuma kahawa. Kata ya Mpepai, iliyo katika Halmashauri ya Mji wa Mbinga mkoani Ruvuma, haitofautiani na majirani zake: mchana watu wamo mashambani, jioni wanabeba mavuno, na usiku wanaingia kulala mapema kwa kuwa nje hakukaliki. Malipo ya kahawa yanapotoka, si ajabu godoro jipya kuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kununuliwa. Hufungwa nyuma ya pikipiki, hufikishwa nyumbani na kutandikwa juu ya kitanda kilekile cha miaka kumi iliyopita. Wiki chache baadaye mama mwenye nyumba anafika zahanati na kueleza kwamba mgongo unauma vilevile, tena asubuhi kuliko jioni, na kwamba fedha imekwenda bure.

Mhudumu wa afya aliye mbele yake kwa kawaida humuuliza juu ya kazi anazofanya, mizigo anayobeba, uzazi wake na dawa alizokwisha kutumia. Ni mara chache sana huuliza: “Mama, godoro lako umelilaza juu ya nini?” Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na daktari hakilalii kitanda cha mgonjwa, hana njia ya kukijua ila kwa kuuliza. Godoro, hata liwe la bei gani, haliwezi kuushika mwili kuliko linavyoshikwa lenyewe. Kinacholishika ni chaga.

Sehemu ya kitanda isiyoonekana

Kiswahili kimekipa kila kiungo cha kitanda jina lake. Miguu ni matendegu. Mbao mbili ndefu za ubavuni ni mifumbati. Mbao za kichwani na miguuni ni vitakizo, na upande anakoweka mtu kichwa huitwa mchago. Zile mbao nyembamba zinazopita kutoka mfumbati mmoja hadi wa pili, ambazo juu yake hulazwa godoro, ndizo chaga. Kitakizo huchongwa maua, hupigwa msasa na kupakwa vanishi kwa sababu mgeni atakiona. Chaga hazionekani na mtu yeyote. Ndiyo maana mara nyingi hukatwa kutoka katika mabaki ya kazi nyingine, nyingine nene, nyingine nyembamba, zikapangwa mbalimbali ili zitoshe. Mtu hulipa mbao za mninga kwa ajili ya kitakizo ambacho hakigusi mwili wake, kisha akalala miaka ishirini juu ya vipande vilivyookotwa chini ya meza ya fundi.

Kabla ya chaga kuenea, vitanda vingi vya Afrika Mashariki viliwambwa kwa kamba au ukili. Kitanda cha kamba kina sifa zake: ni chepesi, kinapitisha hewa, na mtu anaweza kukitengeneza bila msumari hata mmoja. Lakini kamba hulegea. Mwenye kitanda alijua kwamba kila baada ya muda lazima akaze kamba upya, la sivyo kitanda kitageuka machela. Chaga zilipochukua nafasi ya kamba, desturi hiyo ya kukikagua kitanda ilipotea, kana kwamba mbao hazichoki. Mbao huchoka. Hupinda taratibu kwa miaka, hupasuka penye fundo, hutobolewa na wadudu, na misumari yake hulegea, huku shuka safi likificha yote hayo.

Siku ya jembe, usiku wa uti wa mgongo

Wamatengo wanajulikana mbali kwa kilimo cha ngoro. Kuelekea mwisho wa mvua, wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga katika miraba juu ya mteremko. Kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba kwa jembe na kuzifunika nyasi hizo, hadi mlima mzima unakuwa mashimo na matuta yanayozuia maji yasichukue rutuba. Ufundi huo unastahili sifa zote uliopewa na wataalamu wa udongo. Hata hivyo, gharama yake kubwa hulipwa na mgongo wa mwanamke: kuinama, kuchimba, kuinua na kuzungusha kiuno kwa saa nyingi mfululizo. Kahawa nayo ina magunia yake. Huko chini kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay, jembe hubadilishana zamu na nyavu na mitumbwi, wala mgongo haupati nafuu yoyote.

Kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo pamewekwa sahani ya gegedu, ambayo wataalamu huiita diski. Ndani yake mna ute mzito unaovuta maji. Mchana, uzito wa mwili na mizigo huikamua diski, maji yakatoka kidogo kidogo. Usiku, mtu anapolala na mzigo ukapungua, diski hunyonya maji tena na kuvimba. Kwa sababu hiyo mtu mzima ni mrefu zaidi asubuhi kuliko jioni, kwa takriban asilimia 1 ya urefu wake. Sehemu ya ndani ya diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu. Lishe yake hupenya taratibu kutoka pembezoni. Saa za kulala, basi, ndizo saa za diski kurudisha maji iliyoyapoteza na za misuli kuulegeza mkazo wa siku nzima.

Misuli hailegei mahali ambapo mwili umepinda. Kiwiliwili peke yake hubeba karibu nusu ya uzito wa mtu, na aliyelala hukandamiza zaidi sehemu mbili, nyonga na mabega. Chaga zikiwa nyembamba, chache au zilizobonyea, nyonga hutangulia kuzama. Alalaye chali hukunjika kiunoni. Alalaye ubavu huinama pembeni, mbavu zikasongana upande mmoja na kutanuka upande wa pili. Kano na misuli hukaa zimevutwa usiku kucha. Mwili, ambao una akili zake hata mtu akiwa usingizini, hujitetea kwa kugeuka mara kwa mara, na kugeuka kupita kiasi hukatakata usingizi mzito. Mtu huamka akiwa amelala saa nane lakini amechoka kama aliyekesha.

Mianya mipana kati ya chaga ina madhara ya namna nyingine. Sponji huzama katika mianya na kujikunja juu ya kingo za mbao, na mkunjo uleule unaporudiwa kila usiku, godoro hukatika kutoka chini kwenda juu. Mwenye godoro huona shimo kwa juu na kudhani aliuziwa godoro bovu. Alinunua godoro zuri, akalilaza juu ya ngazi.

Ushauri wa kulala juu ya ubao

Katika vituo vingi vya afya, mgonjwa wa mgongo bado huambiwa alale sakafuni au juu ya ubao mtupu. Ushauri huo una historia. Katika hospitali za Ulaya na baadaye za Afrika, vitanda vya chuma vilikuwa na wavu wa waya au springi zilizolegea kwa matumizi, na madaktari wa mifupa waliamuru ubao uwekwe chini ya godoro ili mgonjwa asizame. Kwa kitanda kile, ubao ulikuwa dawa sahihi, kwa kuwa ulirekebisha kasoro ya wavu. Baadaye wavu ulisahauliwa, ukabaki ubao, na hatimaye hata godoro likaondolewa katika ushauri: mgonjwa akaambiwa kwamba ugumu wenyewe ndio tiba.

Mwaka 2003 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha utafiti wa Francisco Kovacs na wenzake nchini Hispania. Watu wazima 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya mgongo wa chini waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walilalia magodoro magumu, wengine magodoro ya ugumu wa wastani, bila kujulishwa wamepewa lipi. Baada ya siku 90, waliolalia ugumu wa wastani walikuwa na maumivu kidogo zaidi kitandani na wanapoamka, na walizimudu zaidi kazi zao. Mwaka 2008 watafiti wa Denmaki walilinganisha, kwa wagonjwa 160, godoro la maji, godoro la sponji linalofuata umbo la mwili na godoro gumu la mtindo wa Kijapani. Tofauti hazikuwa kubwa, lakini godoro gumu ndilo lililoshika mkia.

Tafiti hizo zilipima magodoro, hazikupima chaga, na haifai kuzibebesha zaidi ya zilichosema. Hata hivyo, godoro la ugumu wa wastani hubaki na ugumu huo pale tu panapokuwa na msingi usiobonyea chini yake. Likiwekwa juu ya chaga zilizolegea, huwa laini. Likiwekwa juu ya mianya mipana, huwa laini hapa na gumu pale. Na mgonjwa anayelala sakafuni Mpepai mwezi Julai hupata, pamoja na ugumu, baridi inayokaza misuli ileile iliyohitaji kulegea, unyevu wa sakafu, na taabu ya kuinuka kila anapohitaji kwenda haja. Kwa mzee mwenye magoti mabovu, ushauri wa kulala chini unaweza kuishia katika kuanguka.

Jaribio la siku saba

Ipo njia rahisi ya kutambua kama kosa liko kwenye chaga au kwenye godoro, na mhudumu wa afya anaweza kumwelekeza mgonjwa bila gharama. Kwanza, godoro liondolewe na uzi ufungwe kwa kuvutwa kutoka ukingo wa juu wa mfumbati mmoja hadi wa pili, mahali panapolala nyonga. Umbali kati ya uzi na chaga upimwe katikati ya kitanda na tena karibu na mfumbati. Ikiwa katikati umezidi kwa zaidi ya upana wa kidole kimoja, chaga zimekwisha kupinda, hata kabla mtu hajalala juu yake. Kisha mtu mmoja akae katikati huku mwingine akitazama kutoka chini: chaga inayobonyea waziwazi kwa uzito wa mtu aliyekaa itabonyea pia kwa nyonga za aliyelala.

Pili, kwa mtu anayeweza kuinuka kutoka chini bila shida, godoro lilelile litandikwe juu ya mkeka sakafuni kwa siku saba. Hili ni jaribio na lina mwisho wake; halipaswi kugeuzwa kuwa mtindo wa kulala. Maumivu ya asubuhi yakipungua, godoro halina hatia na chaga ndizo za kushughulikiwa. Yasipopungua, na godoro likawa na bonde linaloonekana, godoro limechoka. Yote mawili yakiwa sawa na maumivu yakabaki palepale, basi kitanda kisisingiziwe; chanzo kitafutwe kwingine.

Mahali ambapo fundi seremala hana la kufanya

Maumivu ya mgongo ni mengi mno duniani: inakadiriwa kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa nayo. Sehemu kubwa hayatokani na ugonjwa wa hatari. Lakini katika wengi hao wamefichika wachache ambao kuchelewa kwao kunaweza kuwagharimu miguu au maisha, na hatari ya makala kama haya ni kwamba mmoja wao atatumia miezi mitatu kubadilisha chaga.

Maumivu yanayosababishwa na kitanda hutokea asubuhi na kwa kawaida hupungua ndani ya nusu saa baada ya mtu kuamka na kutembea. Yapo maumivu ya tabia nyingine. Maumivu yanayozidi usiku bila kujali mtu amelala vipi, yakiambatana na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, huenda yakawa ya kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mgonjwa wa aina hiyo anaweza asiwe na kikohozi hata kidogo, jambo linalowapoteza wengi. Wakati mwingine dalili ya kwanza kuonekana ni kibyongo kidogo kinachoota katikati ya mgongo. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo, na zikianza mapema mgonjwa hupona akiwa anatembea. Mfugaji au mnywaji wa maziwa yasiyochemshwa mwenye homa za kuja na kuondoka achunguzwe pia ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo, ambao huweza kuushambulia uti wa mgongo wa binadamu.

Kijana ambaye mgongo humwamsha alfajiri, ukakakamaa zaidi ya nusu saa na kulegea kadiri anavyofanya kazi, anahitaji uchunguzi wa baridi yabisi ya uti wa mgongo. Mtu aliyezidi miaka 50 anayepata maumivu kwa mara ya kwanza maishani, mtu aliyewahi kuugua saratani, na yeyote aliyeanguka kutoka juu ya mti au pikipiki, wasipewe dawa za maumivu na kurudishwa nyumbani bila kupimwa. Na ganzi kati ya mapaja, miguu inayolegea, mkojo unaoziba au kutoka wenyewe, au kushindwa kuzuia haja kubwa, ni dharura ya siku hiyohiyo. Mwenye dalili hizo apelekwe mara moja katika hospitali iliyo karibu, iwe Mbinga, Litembo au Peramiho, bila kusubiri siku ya gulio ambapo usafiri ni mwingi.

Kwa wale waliobaki, yaani wengi, kitanda ni sehemu tu ya matibabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa Desemba 2023 kuhusu maumivu ya muda mrefu ya mgongo wa chini unasisitiza elimu na mazoezi, na haupendekezi mikanda ya kiuno iliyozoeleka madukani. Kulala kitandani mchana kutwa hakuponyi mgongo, hudhoofisha misuli. Liko pia jambo moja ambalo mkulima huambiwa mara chache. Asubuhi diski zimejaa maji, na kuinama wakati huo huzielemea kuliko kuinama baadaye. Utafiti wa Snook na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 1998, ulionyesha kwamba watu waliojizuia kuinama katika saa za mwanzo baada ya kuamka walipunguza maumivu yao ya muda mrefu. Kwa mama anayetoka kitandani alfajiri na kushika jembe papo hapo, inafaa kazi za kusimama zitangulie: kuchota maji, kupika akiwa amesimama, kutembea hadi shamba la mbali, ngoro ziachiwe jua likishapanda.

Cha kumwambia fundi

Mafundi seremala wa Ruvuma si wachanga katika kazi hiyo. Misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, imekuwa na karakana na mafunzo ya ufundi kwa miongo mingi. Fundi anayetengeneza kitanda chenye chaga saba mara nyingi amefanya hivyo kwa sababu mteja hakuuliza chochote ila bei. Mteja anayejua anachokitaka hupewa. Aseme: “Fundi, naomba chaga zenye unene wa inchi moja, mwanya usizidi vidole vinne, na mhimili wa kati wenye mguu.”

Maneno hayo yana hesabu ndani yake. Unene wa ubao una nguvu kuliko upana. Upana wa chaga ukiongezwa mara mbili, ugumu wake huongezeka mara mbili. Unene ukiongezwa mara mbili, ugumu huongezeka mara nane. Kutoka robo tatu ya inchi hadi inchi moja kamili ni tofauti ndogo kwa macho, lakini ugumu huzidi mara mbili. Urefu nao hufanya kazi hiyohiyo kinyume. Chaga ya kitanda cha tano kwa sita inayovuka futi tano bila kushikwa katikati hubonyea sana. Ikiwekewa mhimili chini yake, urefu unaobaki huru hupungua nusu, na kubonyea hupungua hadi karibu moja ya nane. Mhimili huo ni ubao wa mbili kwa nne uliosimamishwa kwa ubavu wake, kutoka kitakizo hadi kitakizo, wenye mguu mmoja au miwili unaogusa sakafu sawasawa. Wanandoa wenye uzito tofauti, ambao kila usiku huviringika na kukutana bondeni wasipotaka, watauona upesi umuhimu wake.

Kuhusu idadi, kitanda chenye urefu wa futi sita kinahitaji chaga 13 au 14 za upana wa inchi tatu ili mianya iwe ya sentimita 6 hadi 7. Zikitumika mbao za inchi nne, 11 zinatosha. Kitanda chenye chaga nane za inchi tatu huacha mianya ya karibu sentimita 17, ambamo mguu wa mtoto hupita bila shida. Chaga za nyongeza hazihitaji kitanda kipya: huongezwa katikati ya zile za zamani, na gharama yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya godoro.

Mbao ziwe kavu. Mkaratusi una nguvu, lakini ukitumiwa mbichi hujikunja na kupasuka. Paini iliyokauka vizuri yenye unene wa inchi moja inafaa kabisa, ila vipande vyenye fundo katikati vikataliwe, kwa kuwa chaga huvunjika hapo. Mninga uachiwe kitakizo. Ncha za chaga zikae juu ya mkanda wa ubao uliofungwa ndani ya mfumbati, kwa angalau sentimita tatu kila upande, na zifungwe kwa skrubu. Msumari hulegea kwa kutikiswa, kisha kitanda huanza kulia kila mtu anapojigeuza, na mlio huo ni adui wa usingizi kama maumivu yenyewe. Katika vitanda vya chuma, pakaguliwe penye uchomeleaji.

Madukani mijini vipo pia vitanda vyenye chaga za mbao za tabaka zilizopindwa kidogo kwenda juu, mtindo ulioenea kutoka Ulaya, ambazo hunesa kwa uzito wa mwili. Ni vizuri kwa anayezimudu. Kwa mgongo wa mkulima wa Mpepai, chaga za kawaida zilizo nene, nyingi na zilizoshikwa katikati zinatosha, na fundi wa kijiji anaweza kuzitengeneza upya zikivunjika.

Baridi ya mlimani, joto la ziwani

Baadhi ya watu, wakichoshwa na chaga, hufunika kitanda chote kwa plaiwudi. Hubonyei tena, lakini tatizo jingine huzaliwa. Mwili hutoa unyevu usiku kucha. Unyevu huo hushuka ndani ya sponji, na chini yake ukikutana na ubao baridi usio na mwanya, hubaki hapo. Katika vyumba vya milimani visivyopata jua, upande wa chini wa godoro huota ukungu mweusi, na kwa mwenye pumu ukungu huo ni tatizo kuliko mgongo. Anayelazimika kutumia plaiwudi aitoboe matundu mengi na kuliinua godoro mara kwa mara lipate hewa. Ufumbuzi bora ni chaga za kutosha na mkeka au jamvi juu yake: mkeka husambaza uzito, hulinda sponji dhidi ya kingo za mbao, na bado hupitisha hewa.

Ziwani, ambako uso wa maji uko mita 475 hivi tu juu ya usawa wa bahari, shida ni joto na mbu. Chandarua hakina budi kuchomekwa chini ya godoro pande zote, kwa kuwa mbu huingia pia kutoka chini kupitia mianya ya chaga. Ncha za misumari na pembe kali za chaga hutoboa vyandarua. Fundi azipige msasa, kazi ya dakika chache.

Wagonjwa wanaohitaji uangalizi zaidi

Mjamzito aliyefika wiki ya 28 hushauriwa aanze usingizi wake kwa ubavu, wa kushoto au wa kulia, asilale chali. Kitanda kinachobonyea katikati humrudisha chali kila mara, na akitaka kugeuka hana pa kujishikiza. Mto kati ya magoti humsaidia, lakini chaga imara humsaidia kwanza.

Mgonjwa wa kiungulia cha usiku hupata nafuu kitanda kikiinuliwa upande wa mchago kwa sentimita 15 hadi 20, kwa kuweka vipande vya matofali au magogo yaliyochongwa chini ya matendegu mawili. Kabla ya kufanya hivyo, chaga zihakikishwe zimefungwa, maana kitanda kilichoinama huzitelezesha. Anayeshindwa kupumua akilala, akalazimika kukaa usiku, huenda moyo wake umeshindwa kufanya kazi vizuri. Huyo apimwe kwanza, kitanda kiinuliwe baadaye.

Aliyepooza baada ya kiharusi, anayeuguzwa nyumbani, hulala juu ya chaga zilezile saa ishirini na nne. Matuta ya chaga yanayopenya katika godoro jembamba hukandamiza ngozi ya makalio, nyonga na visigino hadi damu isipite, na vidonda vya mgandamizo huanza kama wekundu au weusi usiopotea ukibonyezwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huonekana kwa shida. Muuguzaji aguse kwa mkono, akitafuta joto, ugumu au maumivu. Hakuna kitanda kinachoondoa wajibu wa kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na kuweka mto chini ya ndama za miguu ili visigino vielee. Urefu wa kitanda nao uangaliwe: mgonjwa anayeanza kukaa anapaswa kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, na kwa watu wazima wengi hiyo ni sentimita 45 hadi 50 pamoja na godoro.

Kunguni hujificha katika nyufa za chaga na matundu ya misumari, na mtu anayewashwa usiku kucha hapati usingizi hata mgongo wake ungekuwa mzima. Mara mbili kwa mwaka, siku ya jua kali, chaga zitolewe zote zikiwa na alama ya namba kwa chaki, zimwagiwe maji yanayochemka katika kila ufa, zianikwe zikauke kabisa, na zilizopinda zigeuzwe juu chini au zibadilishwe kabla ya kurudishwa mahali pake.